Mzee wa Gitaa Zito

Mkamate chalii yeyote pale stendi, mwambie akutajie wapiga solo watano wa muziki wa dansi. Hatababaika. Ataanza na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, atamweka Michael Enoch, atavuka mpaka amlete Franco, na akiwa mjuzi kidogo atakuongezea Wilson Kinyonga wa Simba Wanyika. Haya, sasa mwombe wapiga besi watano. Utamwona anakuna kichwa. Akijitahidi sana atamkumbuka Suleiman Mwanyiro wa Mlimani Park, na hata huyo atamkumbuka kwa jina la utani, Computer. Baada ya hapo ni kimya.

Kimya hicho kina historia yake, na ndiyo ninayotaka kuisimulia hapa. Lakini ndugu msomaji, usitegemee habari za mastaa. Simulizi hii inamhusu zaidi binamu yao asiyejulikana: mpiga besi wa ridhaa. Mtu mzima, mvi zimejaa, miaka imepita hamsini, sitini inabisha hodi au imeshaingia ndani. Ana shamba lake la mahindi na maharage, au ni fundi, au ni mlinzi wa usiku. Jumamosi jioni anatia gitaa la nyuzi nne kwenye mfuko wa sandarusi, anapanda usafiri (zamani kilikuwa kifodi, siku hizi ni bodaboda) na kwenda mazoezini. Halipwi. Mara nyingi ndiye anayelipa.

Neno lenyewe, ridhaa, tumelizoea kwenye mpira. Timu ya ridhaa, ndondi za ridhaa. Tukilisikia tunaelewa kwamba huyu bado hajafika, yuko njiani kwenda kulipwa, na kama umri umempita basi ameshindwa. Mimi nasema kwenye muziki wetu mambo yamekaa kinyume. Mpigaji wa ridhaa ndiye mwenye nyumba, huyu wa mshahara alikuja kama mgeni, akakaa kidogo, akaondoka.

Nduruma wapo wazee wa namna hii. Kwa msiopajua, Nduruma ni huku chini, kusini mashariki mwa mji wa Arusha, mahali ambapo mto wenye jina hilo hilo, ukishateremka kutoka mlima Meru, unafika tambarare na kugawanywa kwenye mifereji. Juu mlimani kuna ubaridi, kahawa na migomba. Huku chini kuna vumbi, mashamba makubwa yaliyorithiwa kutoka enzi za walowezi, na miaka hii mabanda ya plastiki ya waridi linalopandishwa ndege kwenda Ulaya. Hapajawahi kuwa na ukumbi wa dansi wa kutajwa magazetini. Ndiyo maana nimepachagua. Historia ya muziki wetu imeandikwa kutoka kwenye kumbi za Dar es Salaam, na ukiitazama kutoka Dar utaona bendi. Ukiitazama kutoka Nduruma utaona watu.

Tena upande huu wa Meru besi haikuanzia kwenye gitaa. Ilianzia kooni. Waarusha, kama ndugu zao Wamaasai, hawakuwa na ngoma za kupiga. Morani wanapoimba, olaranyani anatangulia na wimbo, wenzake wanamjibu kwa mvumo wa kifuani, pumzi inaingia na kutoka kwa mapigo, na ardhi inatikisika bila chombo chochote. Atakayekuambia kwamba muziki wa chini ni kitu tulicholetewa na umeme mpeleke akasikilize hilo kwanza.

Halafu wakaja Walutheri wa Leipzig. Walifika Meru mwaka 1896, na wawili kati yao, Ovir na Segebrock, wakauawa Akeri mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Walirudi baadaye. Nkoaranga ilianza mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, na pamoja na misheni zikaja nyimbo za sauti nne, na baadaye matarumbeta. Soprano, alto, teno, besi. Kwa mtoto aliyekulia kwenye usharika wowote wa huku, neno besi maana yake ya kwanza ni ile safu ya baba zake waliosimama nyuma kabisa ya kwaya, koti limebana, wanasoma do-re-mi kwenye karatasi iliyochakaa. Sopranoni wanagombania nafasi. Kwenye besi hagombani mtu, mwalimu wa kwaya ndiye anayetafuta watu. Nafikiri wazee wengi wa Nduruma walijifunza kazi yao hapo kabla hawajashika uzi wowote: kuimba nota nne zile zile kwa dakika sita, kutosikika, na kujua kwamba siku usipokuja kila mtu atasikia pengo.

Turudi mjini. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, huko pwani, Lamu, Mombasa na Tanga, vijana walianzisha beni, ngoma ya gwaride iliyoiga bendi za askari wa kizungu. Walijigawa kwenye vyama vya kushindana, Marini na Arinoti, wakapeana vyeo vya kifalme, wakachangishana fedha za sare na matarumbeta, na mtindo ukapanda na reli na askari hadi bara. Mchana mchezaji alikuwa karani, mpishi, mpagazi au askari. Hakuna aliyemlipa kucheza beni. Yeye ndiye aliyelipa ada ya chama.

Muziki wa dansi ulirithi mpango huo huo. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, Cuban Marimba ya Salum Abdallah mwaka 1948. Jina la jazz lisikudanganye, maana yake ilikuwa tu muziki wa kisasa wa kuchezea. Hizi zilikuwa klabu. Zina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Zina mikutano na ugomvi wa mikutano. Vyombo ni mali ya klabu, na wapigaji ni wanachama wenye kazi zao nyingine, ofisini, kwenye karakana, kwenye mashamba ya mkonge. Fedha ya kiingilio ilinunua nyuzi na kurekebisha ngozi ya ngoma. Ikibaki, wanagawana. Isipobaki, tutaonana Jumamosi, bwana.

Besi yenyewe ilichelewa. Kwenye bendi za mwanzo ulikuta magitaa ya kawaida, banjo, mandolini, kodiani, filimbi za shaba na ngoma. Gitaa la besi la umeme tunalolijua leo Leo Fender alilitoa sokoni Marekani mwaka 1951, na kwetu lilizoeleka kwenye miaka ya sitini bendi zilipoanza kununua vyombo vya umeme. Lakini masikio yalikuwa tayari. Tangu miaka ya thelathini zilikuwa zinaingia sahani za santuri za Kuba, zile za GV, na kizazi kizima kililala na kuamka nazo. Sasa sikiliza, hapa ndipo penye utamu wenyewe. Kwenye son ya Kuba besi haitui pale mguu wako unapotua. Inatangulia. Inabadilisha sauti kidogo kabla ya pigo la kwanza la mzunguko unaofuata, kama mtu anayekufungulia mlango kabla hujabisha. Pigo la kwanza lenyewe inaliacha wazi. Wapiga besi wetu walilichukua hilo wakalifanya lao: nota mbili, nafasi, nota tatu, nafasi ndefu. Mchezaji anaijaza ile nafasi kwa kiuno chake. Ndiyo maana mtu akikuambia besi ni kazi rahisi kwa kuwa ina nota chache, mwambie ajaribu kunyamaza mahali panapostahili kwa saa nne mfululizo.

Mwaka 1964 mambo yalibadilika. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa, ikaundwa NUTA, na NUTA ikaunda bendi. Wanamuziki wakawa waajiriwa. Baadaye bendi hiyo ikabadili majina pamoja na chama chenyewe, JUWATA, halafu OTTU, ingawa wapenzi wake walishajiamulia kuiita Msondo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashirika ya umma yalizidi kuota, na kila shirika lililojiheshimu likataka bendi yake. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilianzisha Urafiki Jazz mwaka 1970. Umoja wa vijana wa chama ukaleta Vijana Jazz mwaka 1971. Shirika la usafiri na teksi, TTTS, likaleta Mlimani Park mwaka 1978. Bima, mabasi, almasi, polisi, jeshi, magereza, wote. Kwa mara ya kwanza mpiga besi wa Kitanzania alisaini kitabu cha mshahara.

Zilikuwa enzi nzuri, sibishi. Nyimbo za miaka ile ndizo zinazotutoa machozi kwenye harusi mpaka leo. Ila tuhesabu. Toka 1964 hadi mageuzi ya uchumi yalipoyakamata mashirika yale, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ni miaka thelathini hivi. Shirika linapobinafsishwa, mwenye mali mpya hakuti sababu ya kulisha watu ishirini wanaopiga muziki. Bendi za majeshi zilibaki, na Msondo na Sikinde zikaendelea kwa kujitegemea, lakini ajira ya jumla iliisha. Redio binafsi zikaja, Radio One mwaka 1994, halafu Bongo Fleva ikachukua vijana wote, na besi ikahamia kwenye kinanda cha prodyuza. Watu wakalia kwamba muziki wa dansi umekufa. Kilichokufa ni mshahara. Kabla ya ule mshahara, muziki huu ulikuwa umeshatembea zaidi ya miaka thelathini bila mwajiri yeyote, na ukihesabu na beni iliyoutangulia ni zaidi ya hamsini.

Arusha haikubahatika sana kwenye enzi ya mshahara. Kwa wanamuziki huu ulikuwa mji wa kupita, na kisa cha akina Kinyonga kinaonyesha vizuri. Wilson na mdogo wake George walitokea Tanga, ambako tangu mwaka 1966 walikuwa Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 wakahamia hapa Arusha, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Mwaka mmoja tu. Mwaka 1971 walishavuka Namanga, wako Nairobi, na bendi ni Simba Wanyika. Nairobi kulikuwa na studio, viwanda vya sahani na wanunuzi. Arusha kulikuwa na nini? Mlima.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa mpaka 1983. Katikati ya kufungwa huko, Novemba 1978, kundi la wapigaji likatoka Simba Wanyika na kuunda Les Wanyika: Omar Shabani kwenye rithim, Rashid Juma kwenye drams na Tom Malanga kwenye besi, wakaja kuungana na John Ngereza na Issa Juma. Mwaka uliofuata ukatoka wimbo wa Sina Makosa. Sina haja ya kukueleza ile besi, umeshaanza kuivumisha mdomoni. Ni moja ya nyimbo chache za Afrika Mashariki ambazo watu huzitambua kwa besi kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Na bado, uliza kijiweni ni nani aliyeipiga. Watakutajia Ngereza.

Tusijilaumu peke yetu. Kule Detroit, James Jamerson alipiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown zilizoitikisa dunia, na kampuni haikuwa ikiandika majina ya wapigaji kwenye majalada hadi albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971. Mtu alikuwa amesikika na mamilioni ya watu kwa miaka kumi, na jina lake halijulikani hata na jirani wa studio.

Sasa, Tom Malanga angalau sahani zake zipo. Huyu wetu wa Nduruma hana hata moja. Mmoja wao nilizungumza naye mara kadhaa, na kwa heshima yake sitamtaja jina. Ukimpa shikamoo anaitikia huku mkono mmoja uko kwenye jembe. Alianza kwaya, akashika besi ya umeme usharika uliponunua vyombo, akatoka na wenzake watano wakawa wanapiga kwenye harusi na kipaimara, nyimbo za zamani na za dini zikichanganyika bila aibu. Nilimwuliza kwa nini hakukimbilia Dar au Nairobi kama wengine, maana kwa masikio yangu anajua. Akanitazama kama niliyeuliza swali la mtoto. Akasema zamu yake ya maji ya mfereji ilikuwa usiku wa Jumatano na wa Ijumaa. Nani angemwagilia?

Jibu hilo nimelifikiria sana. Sisi tunaoandika tumezoea kusema fulani alikosa nafasi, fulani alikata tamaa. Yeye hakukosa kitu. Alikuwa na mahindi, na alikuwa na besi, na kila kimoja kilikuwa na siku yake. Ndivyo walivyoishi wapigaji wote wa Dar es Salaam Jazz ya mwanzo, isipokuwa wao mfereji wao ulikuwa ofisi ya mkoloni.

Kuna jambo la mwili pia, ambalo vijana hatulijui. Masikio yakianza kuzeeka hupoteza kwanza sauti za juu: vitoto vya ndege, s na f za maneno, ncha ya solo. Sauti za chini hubaki muda mrefu zaidi. Uzi mnene wa besi unatikisika kama mara 41 kwa sekunde, na sauti hiyo huisikii kwa sikio tu, unaisikia kwenye mbavu na kwenye kiti. Mpiga solo akifika sitini anaanza kukisia. Mpiga besi anaendelea kukaa ndani ya muziki. Vidole ndivyo vinavyomsaliti, nyuzi nene zinataka nguvu na baridi ya asubuhi inaingia kwenye viungo. Kwa hiyo anapunguza nota. Na kwa chombo hiki, tofauti na vingine, kupunguza nota mara nyingi ni kupanda daraja.

Lakini nyumbani hawamwelewi. Hili ndilo linalonikera. Mtoto wake mkubwa yuko mjini na kazi nzuri, na anaona aibu baba mzima kuonekana jukwaani nyuma ya waimbaji wenye umri wa wajukuu. Muziki ni uhuni, wimbo ule ule tuliouimbiwa sote. Akipiga kanisani ni mtumishi. Akipiga nota hizo hizo kwenye harusi, mita mia mbili kutoka kanisani, ni mhuni. Familia imeshamshauri mara mbili auze gitaa. Kamati za harusi nazo zimegundua kwamba DJ anakuja na flashi mfukoni na halaki pilau. Mialiko imepungua. Bendi ya watu sita sasa ni ya wanne, na mmoja wa hao wanne anaumwa mgongo.

Wengine watasema basi, mambo yamepitwa na wakati, yaache yaende. Sawa, yataenda. Ila tujue kinachoenda. Mlimani Park ikisimama leo, kanda zake zipo kwenye maktaba ya redio ya taifa, na majina yapo. Bendi ya Nduruma ikisimama hakuna kanda. Hakuna picha ya gazeti. Mtindo wake wa kupiga, ule wa kuchelewesha nota ya tatu mpaka unadhani ameisahau, alioutoa sijui kwenye safu ya nne ya kwaya au kwenye sahani ya mjomba wake, utakwenda naye makaburini, na hakuna prodyuza atakayejua kilikuwepo.

Maandishi pekee niliyoyaona yanayothibitisha kwamba bendi hii ipo ni daftari. Daftari la shule la kurasa themanini, jalada limetoka, na anayelitunza ni mpiga drams, ambaye ndiye mweka hazina. Kila mazoezi yameandikwa tarehe, waliofika na michango ya mafuta ya jenereta. Hakuna jina la wimbo hata mmoja. Watu nao wameandikwa kwa vyombo vyao, solo, rithim, drams, besi. Nilipekua miaka sita. Solo hakuja mara nyingi sana. Rithim alihama, akarudi, akahama tena. Mstari wa besi umejaa alama za vema kutoka juu mpaka chini, isipokuwa baadhi ya Ijumaa, ambapo mweka hazina ameandika kwa kalamu nyekundu: maji.